Shimo la Nane

Nilichimba mashimo saba nikitafuta shaba.
La nane likanipa maji.
Kilomita ishirini na saba kutoka Lubumbashi, barabara ya Kasenga,
nikatupa sululu, nikaulaani udongo mwekundu,
nikasema: Ngosa, tumekwisha.

Ngosa hakujibu.
Alishuka kwa kamba, akachota maji kwa kikombe cha chai,
akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.
Kesho yake alirudi na ndoo,
na ndani yake samaki watatu, wadogo kama mbegu za maboga,
aliowaomba kwa mama Kilufya ng'ambo ya mto.
Akawatia maji ya shimo. Siku tatu
tuliwachungulia kama wagonjwa wa wodini.
Siku ya nne walikuwa wakigombania punje ya bukari.
"Humu hamna shaba," akasema, akacheka peke yake.
"Mungu ashukuriwe, hamna shaba."

Nilichukia kicheko kile kwa wiki nzima.

Kisha tukalipanua shimo, tukalilaza kuta,
na usiku huohuo likavuja. Asubuhi tope tupu.
Tukabomoa kichuguu cha nyuma ya jiko,
kile tulichokipita mbali kwa hofu ya nyoka,
tukaukanda udongo wake kwa miguu,
mimi, yeye, na Kapya aliyerudishwa nyumbani kwa ada ya miezi miwili,
tukasiliba chini hadi juu
kama watu wanaosiliba nyumba ya bwana harusi.
Kyungu akapita na baiskeli ya makaa:
"Mchimbaji amekuwa bata!"
Nikamwacha apite.

Samadi ya kuku tukaitia guniani, gunia tukalitia majini.
Wiki mbili. Maji yakageuka rangi.
Nikasimama ukingoni, mikono imelegea:
kijani kilekile
nilichokifuata chini ya ardhi miaka kumi na moja,
nikilamba mawe ili nikijue,
leo kimejaa mbele yangu, kinanuka kuku.

Samaki wenyewe huku tunamwita mpende.
"Nimpende nani?" nikamtania Ngosa.
"Anza kwa kumkatia majani ya mihogo," akasema,
na hakuwa anatania.

Juni ikaja na baridi yake, wakaacha kula.
Mdiria akafungua kizuizi juu ya tawi,
kila alfajiri mmoja, bila risiti,
kama wale wa barabarani.
Niliamka saa kumi kumtupia mawe
nikiwa nimejifunga blanketi la mtoto.
Usiku nilihesabu deni la pumba,
nikatamani sululu yangu. Nasema kweli.
Shimo la shaba likikosa, unalihama;
hili lilikuwa na midomo.

Oktoba, joto la kuchoma nyayo,
tukavuta wavu wa kuazima.
Kilo arobaini na moja.
Tatu kwa mama Kilufya, maana hakuwa amesahau.
Mbili tukala siku hiyo, na Kyungu akala pia,
akafyonza kichwa mpaka jicho, hakusema neno la bata.
Nyingine Ngosa akazipakia alfajiri kwenda soko la Kenya,
akatandaza karibu na samaki wa boksi,
wale waliofika kutoka bahari wasiyoikumbuka,
wamekakamaa kama viatu.
Wake walikuwa bado wanapiga mkia.
Saa tatu beseni lilikuwa tupu.

Kapya yuko darasani. Deni la pumba limebaki nusu.
Sitakudanganya kuwa tumetajirika:
bati la jiko bado linavuja, na mgongo wangu
unajua mvua kabla ya mawingu.

Ila yale mashimo saba yapo, yamekaa wazi huko porini.
Jana jioni nilimkuta Ngosa kwenye lile la tatu,
amechuchumaa ukingoni,
kikombe cha chai mkononi.